Mstari wa Pili

Ile video bado inazunguka. Nikidhani imekufa, mtu anaifufua kwenye kundi la kwaya, au la wazazi wa shule, au la wauza vitunguu saumu wa Bashay, na chini yake watu wanapanga vikatuni vya kucheka. Ni video fupi. Msichana mwembamba mwenye jezi ya bluu anakimbia na mpira wenye umbo la yai kifuani, wapinzani wamebaki nyuma wanahema, anavuka mstari mweupe, hasimami, anavuka mstari wa pili, ndipo anasimama. Filimbi inalia. Halafu unasikia kicheko cha huyo aliyekuwa anarekodi, kicheko cha mtu aliyeshiba. Mwingine, ambaye hata uwanjani hakuwepo, ameongeza sauti ya pikipiki iliyokatika breki.

Huyo msichana ni mdogo wangu. Huyo anayecheka simjui, na afadhali nisimjue.

Najua watu huandika kumbukumbu zao moyo ukishapoa. Wangu haujapoa. Nikisubiri upoe nitakuwa nimeshasahau mambo yenyewe, nani alisimama wapi na nani alisema nini, na kazi ya kusimulia watabaki nayo wenye simu.

Kwetu ni Daudi, huku juu Mbulu, kwenye ukungu, ambako mtu analala na sweta na kuamka nalo. Baba yangu ni mkulima na mzee wa kanisa. Ana mahindi, maharage, ngano kidogo, ng'ombe wachache, na shamba la vitunguu saumu upande wa Bashay. Ujanani alikuwa mkimbiaji. Hilo kwetu si la kushangaza, wakimbiaji ni wengi kuliko mafundi cherehani, ila baba alibaki na donda. Kwenye mbio za kuchagua timu ya mkoa aliongoza tangu mwanzo, akauona utepe uko mbele yake, akajua kazi imekwisha, akalegeza mwili. Mwenzake akamchomokea ubavuni. Akachukuliwa yule mwenzake, baba akarudi kulima. Habari hiyo tulilishwa pamoja na uji.

Kwa hiyo sisi binti zake alitufundisha jambo moja kuliko yote, kwamba usiishie kwenye mstari. Alichora mstari wa majivu mwisho wa malisho, kisha yeye akaenda kusimama mbali nyuma ya huo mstari, fimbo mkononi. "Hukimbilii mstari," alikuwa anatuambia. "Unanikimbilia mimi. Mstari unaupita tu, kama unavyopita kinyesi cha ng'ombe." Tunakuja mbio, yeye anaita, "Pita! Pita!" na ole wako upunguze mwendo kabla hujamfikia, fimbo ilikuwa inaijua miguu yako. Ukimfikia, alikwepa pembeni. Hakutaka kugongwa. Unampita, unageuka unahema, naye ameshaanza kukueleza ulipokosea.

Mimi sikufika popote na mbio zangu. Mama alifariki mdogo wangu akiwa bado anabebwa, nikambeba mimi, na mwenye mtoto mgongoni hakimbii. Alipofika darasa la nne nikaolewa Basotu, kule Hanang, kwa watu wa ng'ombe, nikamwacha Daudi na baba.

Alikuwa na mbio huyo mtoto. Siyo zile ndefu za kupanda na kushuka milima, ambazo wengi wetu tumejaliwa. Yeye alikuwa wa mbio fupi, wa kuchomoka. Alipomaliza kidato cha nne, matokeo yakiwa ya katikati, hayampeleki mbele wala hayamtii aibu, akapata nafasi kwenye kambi moja ya wakimbiaji Arusha. Huko kwenye mbio ndefu wakawa wanamwacha kila siku. Siku moja akanipigia simu, sauti imechangamka.

"Dada, nimehamia raga."

Kule Basotu upepo unakula maneno. Mimi nikasikia raha. "Umehamia raha? Baba amekupeleka Arusha ukatafute raha?"

Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, akanieleza taratibu. Ni mchezo wa kubeba mpira mkononi na kukamatana. Wao wanacheza ile ya wachezaji saba kila upande, dakika chache tu, na humo mwenye mbio ndiye mwenye mchezo. Kocha wao, mama mmoja mkali, alikuja kambini kutafuta wasichana wenye kasi, akamwona. Mpira unarushwa nyuma, haurushwi mbele. Na pointi hazipatikani kwa kuvuka mstari wa wapinzani tu. Ukishavuka, lazima uuweke mpira chini kwa mkono, uguse nyasi. Tena nyuma ya mstari huo kuna mwingine, na ukiupita huo wa pili mpira ukiwa bado mikononi, umepoteza kila kitu.

"Mbona wameweka hivyo?" nikamwuliza.

"Sijui, dada. Ndiyo sheria yao."

Mashindano ya kimataifa yalikuwa yanakuja Arusha, timu za wasichana kutoka nchi jirani na nyingine za mbali zaidi. Yakiisha, kocha angechagua wa kubaki kwenye timu, na hao wangelipiwa chuo na mfadhili. Mdogo wangu alikitaka hicho chuo kuliko chakula. Alitaka kusomea ualimu wa michezo, asimamie watoto wa watu bila fimbo. Hivyo ndivyo alivyoniambia, na wote wawili tulijua anamsema nani.

Tatizo likawa ni baba. Aliposikia habari za raga alidhani tunamtania. "Mabinti wanaangushana chini kama ndama siku ya chanjo, na watu wamekaa wanaangalia?" Nilitoka Basotu nikapanda mpaka Daudi kwenda kumbembeleza. Nilimpikia, nikamfulia, nikamsifia ng'ombe wake ambao hawana cha kusifia. Siku ya tatu akakubali, kwa masharti.

"Acheze hayo mashindano," akasema. "Wakimchukua, ni wao na yeye. Wasipomchukua, anarudi hapa tunalima, na mambo ya kukimbia yanaisha kwenye nyumba hii."

Baba akishasema, amesema. Hata mchungaji hajawahi kumfanya arudi nyuma kwenye neno lake.

Siku ya kwanza ya mashindano nilikuwa bado Daudi. Jioni mdogo wangu akapiga simu. Walikuwa wamefungwa mechi zote mbili, ya kwanza thelathini na nane kwa bila, ya pili ishirini na nne kwa tano. Lakini alikuwa anapiga kelele za furaha, kwa kuwa ile tano ilikuwa yake. "Niliuweka chini kwa mikono miwili, dada, taratibu, kama unavyolaza mtoto!" Nataka hili lieleweke. Sheria aliijua. Siku ya kwanza aliifuata mbele ya watu wote, na hakuna aliyeona sababu ya kurusha video yake.

Nikampelekea baba habari zizini. Hakuacha kukamua.

"Aliwaacha?"

"Aliwaacha wote."

Akakamua mpaka mwisho, akasimama, akanipa ndoo. "Kesho twende tukaone."

Nilifurahi kama mjinga. Nilikimbia na ile ndoo mpaka jikoni, maziwa yakanimwagikia miguuni.

Kesho yake tuliondoka mapema sana, baba amevaa koti lake la kanisani na kofia. Njia nzima mpaka Karatu nilikuwa namweleza sheria za mchezo. Nikamweleza habari ya mpira kurushwa nyuma. Nikamweleza habari ya kuuweka chini, na mstari wa pili, na kwa nini mtu hatakiwi kuupita. Nilichora hata kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu. Yeye alikuwa anatazama mashamba ya watu huko nje na kuyakosoa, huyu amechelewa kupalilia, yule kapanda kwa mstari uliopinda. Nilipomwuliza kama amenielewa, alinijibu, "Mbio ni mbio."

Tulipofika uwanjani wasichana wetu walikuwa wameshapoteza mechi ya asubuhi. Ilibaki moja, ya kuamua nani asiwe wa mwisho. Kwa timu zilizokuwa zinagombea kombe, mechi hiyo ilikuwa muda wa kwenda kununua soda. Kwa mdogo wangu ilikuwa ndiyo yenyewe, maana kocha alikuwa amewaambia kwamba anachagua baada ya hapo. Tukapata nafasi nyuma ya milingoti ya goli, kwenye kamba iliyozuia watazamaji, hatua chache tu kutoka ule mstari wa pili. Baba alipapenda. Alikuwa amezoea kusimama mahali pa namna hiyo.

Mdogo wangu alituona. Akaja mbio kwenye kamba, akainamisha kichwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Usilegee."

Akanitazama mimi, akatabasamu kwa jicho moja kama anavyofanya tangu utoto, akarudi kwa wenzake.

Mechi ilianza vibaya, kwa sababu ya kosa ambalo nadhani mtu wa kwetu peke yake ndiye angelifanya. Alimkamata msichana mmoja mkubwa miguuni, akamwangusha vizuri kabisa kama walivyofundishwa. Kisha akamshika mkono, akamwinua, akamwambia pole. Sisi ni watu wa kumwambia pole hata aliyebeba ndoo ya maji, sasa mtu umemwangusha mwenyewe unaachaje? Wakati yeye anatoa pole, mpira ulikuwa umelala kwenye nyasi peke yake, mwenzake na yule msichana akauokota, akaenda kufunga. Kocha alishika kichwa. Watu walicheka, na mimi nikacheka, na hata baba bega lake lilitikisika kidogo.

Baada ya hapo wasichana wetu walikaza. Wakafunga, wakafungwa, wakafunga tena. Ila mipira yao ya nyongeza, ile inayopigwa kwa mguu kupita katikati ya milingoti, yote ilienda pembeni, wakati wenzao walipata yao. Ikawa kumi na nne kwa kumi. King'ora cha mwisho kikalia. Kijana aliyekuwa karibu nami akanieleza kwamba mchezo hauishi mpaka mpira ufe, yaani utoke nje au mwamuzi ausimamishe. Tukifunga, tunapata tano, tunashinda kwa moja.

Hapo mpira ukamfikia mdogo wangu.

Alikuwa mbali, karibu na goli letu. Alimkwepa wa kwanza, akamkwepa wa pili, kisha njia ikawa nyeupe mbele yake na akaachia mbio. Sijawahi kumwona akikimbia hivyo. Uwanja mzima ulisimama, hata wenye soda. Alikuwa anakuja moja kwa moja upande wetu, na nyuma yake hakukuwa na mtu wa kumgusa. Nilikuwa nalia tayari. Nilikuwa nimeshakiona chuo, nimeshamwona amevaa sare na filimbi shingoni.

Vijana wawili waliokuwa pembeni wakaruka mbele ya baba na simu zao juu. Wakamziba. Baba akapanua mikono, akamsukuma mmoja huku na mwingine kule, kiwiko chake kikanigonga begani. Akabaki hivyo, mikono imetanuka, amewazuia kwa viganja wasirudi katikati. Na akaita, kwa sauti ile ile ya malishoni.

"Pita! Pita!"

Mdogo wangu alikuwa ameshavuka mstari wa kwanza. Alikuwa ameshaanza kuinama, mpira umeshuka mpaka kwenye mapaja. Mimi nilimwona kwa macho yangu. Kisha akainua uso. Mgongo ukanyooka, mpira ukarudi kifuani, akaja. Akavuka mstari wa pili kwa kasi yake yote, akasimama kamba ikiwa imemgusa tumbo, mbele ya baba, anacheka mdomo wazi.

Filimbi ikalia. Wapinzani wakarukiana kwa shangwe.

Baba alishusha mikono, akaitia kwenye mifuko ya koti. Akasogea pembeni.

"Umeharibu," akamwambia.

Yeye alibaki na mpira wake. Alitazama chini, akaona mistari yote miwili iko nyuma yake. Wenzake walikuwa wamelala chini kwenye nyasi, mmoja amejifunika uso kwa jezi. Nilitaka kupita chini ya kamba nimshike, mlinzi akanizuia. Hapo ndipo nilipokisikia kile kicheko kwa mara ya kwanza, hapo hapo ubavuni mwangu.

Kombe walilichukua wageni, na walistahili. Wetu wakawa wa mwisho.

Kocha hakumchagua. Alimpigia simu mwenyewe kumweleza, hilo nampa haki yake. Alimwambia kwamba mbio anazo, ila kichwa cha mchezo bado, na kwamba mfadhili ameiona ile video na ameuliza kama hao ndio wasichana anaowalipia chuo. Mdogo wangu akamwambia asante mwalimu. Akakunja nguo zake, akarudi Daudi.

Sasa njoo uone watu wetu. Watu wanaompa pole mwenye mafua, mwenye safari, aliyejikwaa kwenye jiwe, aliyechomwa na jua, hawakuwa na pole moja ya kumpa yeye. Vijana wa bodaboda walimwita Hana Breki. Kwenye mnada, akiinama kuchagua kanga, mama mmoja alimwambia aangalie asipitilize. Kanisani ndiko nilikochoka kabisa. Mhubiri mgeni, ambaye nadhani hakujua mhusika amekaa pale kwenye kwaya, alihubiri juu ya wale wanaokimbia mbio za imani lakini hawataki kuweka mzigo chini mbele za Bwana, kama yule dada wa kwenye simu. Watu wakacheka ndani ya kanisa. Baba alikuwa amekaa mstari wa wazee. Naye alicheka. Mdogo wangu alisimama na wenzake, akaimba sauti yake mpaka mwisho.

Mtu mmoja tu alinipa faraja, na hata hakukusudia. Nilikuwa nimerudi Basotu, watoto wangu wakamwonyesha mama mkwe ile video. Ni mama mzee wa Kibarabaig, hana simu wala kanisa, maisha yake yote ni ng'ombe. Aliitazama mara mbili, simu ameishika mbali na uso.

"Hawa wengine walikuwa wanamkimbiza?"

"Ndiyo, mama."

"Walimkamata?"

"Hawakumkamata."

"Hicho alichobeba, walimnyang'anya?"

"Hapana, alibaki nacho."

Akanirudishia simu. "Sasa ameshindwaje?"

Akaniambia nimwite huyo binti aje anywe maziwa, halafu akaenda zake kutazama ndama. Nilikaa pale nje nikacheka mpaka nikalia.

Wakati wa kuvuna vitunguu saumu nilipanda tena Mbulu kusaidia. Kule Bashay kazi hiyo inafanywa na majirani pamoja. Watu wanakaa kwenye maturubai, wanakata mashina na kupangusa udongo, na maneno yanakwenda. Siku hiyo tulikuwa wengi, wamama wa jumuiya na wazee wawili watatu waliokuja zaidi kwa ajili ya chai. Mdogo wangu alikaa pembeni na kisu chake. Tayari mikono yake ilikuwa imeanza kuwa kama yangu.

Mzee mmoja, kwa kuchokoza tu, akamwuliza baba habari za ile raga. Baba akaweka kikombe chini. Akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri, hilo amejaliwa, na alijua wapi pa kunyamaza ili watu wasogee. Akafika pale kwenye mstari.

"Mimi nilimpa miguu," akasema. "Akili angepewa na mama yake, ndiyo hivyo, mama hakukaa."

Walivunjika mbavu. Hata wamama waliojifunika mdomo, mabega yaliwatikisika.

Damu ilinipanda. Mama yetu amelazwa mwisho wa shamba lile la Daudi, na mtu aliyemlaza anamtumia kuchekesha watu wa chai. Nilisimama, maganda yakanidondoka kwenye kitenge.

"Baba, ni wewe uliyemwita."

Kicheko kilikatika kama kimemwagiwa maji. Kwetu mtu hamkatizi mzazi, tena mbele ya wazee wenzake, tena binti aliyeolewa ambaye amekuja kama mgeni.

"Nilimwita nini?" baba akauliza, pole pole.

"Pita. Uliita pita, mara mbili. Alikuwa ameshainama auweke mpira chini. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwako. Nilikuwa nimekueleza sheria njia nzima."

Baba hakunitazama. Alinyoosha kidole kwa mdogo wangu. "Mwenye mbio si huyo hapo? Mwulizeni."

Watu wote wakamgeukia. Nami nikamgeukia, na moyoni nilikuwa nimetulia, kwa kuwa sasa itasemwa na mwenyewe, mbele ya watu, na itakwisha.

Alikuwa anakata shina la kitunguu. Alilimaliza kulikata.

"Sikusikia mtu, dada," akasema. "Kelele zilikuwa nyingi."

Nilibaki nimesimama pale kama mlevi. Mama mmoja akasema, "Ee, kumbe," na mwingine akaguna. Wazee wakasema maneno yao kuhusu watoto wa siku hizi. Mwishowe ikabidi nipige magoti mbele ya baba na kumwomba radhi, na baba akaniwekea mkono kichwani akasema yameisha, tufanye kazi. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Nilimchukia siku hiyo, na mdogo wangu nilimchukia zaidi.

Jioni majirani walipoondoka tulibaki wawili tunazoa maganda. Nilisubiri mpaka baba amefika barabarani na baiskeli yake.

"Kwa nini umenifanya mwongo mbele za watu?" nikamwuliza. "Nimepiga magoti kwa ajili yako."

Alikuwa ameshika fagio la majani kwa mikono miwili.

"Nilimsikia, dada. Nilimsikia tangu mbali."

"Basi ungesema!"

"Siyo ile sauti iliyonipitisha. Sauti yake nimeizoea, ningeiacha." Akafagia kidogo, akaacha. "Nilikuwa nimeshainama. Mstari niliuona, kocha alituimbia huo mstari kila siku. Nikainua macho kidogo tu, nikamwona baba amenifungulia mikono."

Nilishika gunia, sikujua nilikuwa nataka kulifanyia nini.

"Tangu nipate akili," akasema, "sijawahi kuona baba amemfungulia mtu mikono. Wewe umewahi?"

"Sijawahi."

"Basi. Ningesema pale kwamba aliniita, wangetaka nieleze yote, wangelicheka na hilo. Chuo wameshakichukua. Hilo sitaki walichukue." Akanitazama, na ule uso wake uliokuwa umefungwa tangu arudi ukafunguka kidogo, kama wa mtoto anayeogopa kuambiwa hapana. "Si na wewe ulimwona, dada? Si ulikuwa hapo hapo?"

Nilikuwa hapo hapo. Bega langu liliuma siku mbili kwa kile kiwiko, na jasho la wale vijana wawili aliokuwa anawasukuma wasimzibe ningeweza kulitambua hata leo.

"Nilimwona," nikamwambia. "Alikuwa amekufungulia wewe."

Akatikisa kichwa kukubali, akainama, akaendelea kuzoa maganda.